Nilisema Uwanja Ujae

Kura zilikuwa tatu kwa tatu, na mwenyekiti nilikuwa mimi. Tulikuwa watu saba ndani ya darasa la shule ya msingi pale Sofu, Kibaha, kila mmoja kwenye dawati lake, madawati yametengwa mbali mbali kama siku ya mtihani, madirisha yote wazi. Swali lilikuwa moja: mechi yetu na Maneromango ichezwe uwanja ukiwa mtupu, au watu waruhusiwe kuingia? Mwaka ule wa korona michezo ilikuwa imesimamishwa, kisha ikaruhusiwa, na kwa mechi za mtaani kama yetu uamuzi wa watazamaji tuliachiwa wenyewe. Katibu akaweka kalamu chini akaniangalia. Nikasema, "Watu waingie. Wote. Uwanja ujae."

Ningeweza kusema hapana. Hakuna aliyenishika mkono. Ningesema hapana, vijana wangecheza, refa angepuliza filimbi ya mwisho, tungerudi makwetu kula. Nilisema waingie, tena nilisema kwa utamu, kwa sababu tangu mwaka uliotangulia nilikuwa natembea na kisasi kifuani, na kisasi changu hakikuwa na maana bila watu wa kukitazama.

Kisasi chenyewe kilimlenga shemeji yangu, kaka wa mke wangu.

Mimi ni Mnyamwezi wa Tabora. Nilimaliza kidato cha nne nikaja Kibaha kuajiriwa kama mtunza stoo katika ofisi ya serikali, na kazi hiyo ndiyo niliyostaafia. Nilioa Mzaramo wa Maneromango, huko Kisarawe, binti wa familia ya Kilutheri iliyolima mihogo na mananasi jirani na misheni ya zamani. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za mababu waliokuwa wakishusha mizigo kutoka bara hadi pwani. Shemeji naye ni mtani kwa nafasi yake. Kwa hiyo kaka wa mke wangu alikuwa mtani wangu mara mbili. Angeweza kuingia kwangu akamkamata jogoo akaondoka naye, au akaniambia mbele ya wageni kwamba nimekaa kama maiti aliyesahauliwa, na mimi kazi yangu ilikuwa kucheka na kusubiri zamu yangu. Utani una sharti moja: hukasiriki. Ukikasirika, umejitoa mwenyewe, na aibu inabaki kwako.

Mimi nilikasirika. Sikumwambia mtu.

Mara moja kila mwaka vijana wa Sofu walicheza na vijana wa Maneromango, mwaka huu kwetu, mwaka ujao kwao. Mimi na shemeji ndio tulioianzisha mechi hiyo, yeye mwenyekiti wa kwao, mimi wa kwetu, na mke wangu akizipikia timu zote mbili baada ya mchezo. Tulijiwekea desturi yetu. Timu iliyofungwa ilizikwa. Washindi walikata shina la mgomba, wakalivika jezi yenye rangi ya wenzao, wakalifunika shuka jeupe na kulizungusha uwanjani wakiomboleza kilio cha uongo. Halafu mwenyekiti wao alisimama katikati ya uwanja akasoma historia fupi ya marehemu, vilevile inavyosomwa msibani. Marehemu huyo hakuwa timu. Alikuwa mwenyekiti wa waliofungwa.

Mwaka uliotangulia tulikwenda Maneromango kwa njia ya Mlandizi na Mzenga, mashimo mwanzo mwisho, tukafika nyusi zetu zimekuwa nyekundu kwa vumbi. Tukafungwa tatu bila. Shemeji akavaa koti jeusi, akashika karatasi ambayo hakuiangalia hata mara moja, akaanza.

Alisema marehemu alizaliwa Tabora, akaja pwani kwa miguu akiwa amebeba pembe ya ndovu ya mtu mwingine, na alipoitua akasahau njia ya kurudi. Akasema marehemu alifanya kazi ya kuhesabu mafagio ya serikali kwa miaka thelathini na moja, na siku anastaafu fagio moja halikuonekana. Watu walikuwa hoi kwa kicheko. Mimi nilitabasamu, lakini lile la mafagio liliniingia, kwa sababu stoo yangu haikupotewa hata na sindano, na hakuna siku mtu yeyote alinisifu kwa hilo. Kisha akashusha sauti kama mchungaji anayefikia mwisho wa ibada.

"Marehemu ameacha mjane mmoja. Bado ana nguvu zake. Tunamrudisha nyumbani leo hii."

Mke wangu alikuwa ameketi na wanawake wa kwao. Akanyanyuka, akajifunika khanga kichwani, akatembea taratibu hadi kwa kaka yake, ameinamisha uso kama mfiwa wa kweli. Kaka yake akamwekea mkono begani. Uwanja mzima ulilipuka kwa kicheko. Watoto wangu, watu wazima wenye familia zao, nao walicheka hadi kushikana mabega. Nikacheka pia. Meno yangu yalionekana, nina hakika.

Ndani ya gari la kurudi mke wangu alikuwa bado anajifuta machozi ya kicheko. "Mzee, umezikwa vizuri," akaniambia. "Wenzako hata historia hawasomewi."

Niligeukia dirisha kuanzia Mzenga hadi Mlandizi. Alidhani nimechoka.

Wiki ileile nilinunua daftari la shule nikaanza kuiandika historia ya shemeji. Niliiandika kwa mwaka mzima. Nilikuwa naweza kukaa kibarazani asubuhi na kikombe cha chai, watu wanapita wananisalimia shikamoo, naitikia marahaba kwa upole, na chini ya kikombe lipo daftari lenye sentensi inayomchana mtu vipande. Niliandika nikafuta, nikaandika tena. Nilijua pale watakapocheka na pale watakapozomea. Kila usiku kabla ya kulala, na mchana nikipalilia mchicha, niliona uwanja wa Sofu umefurika na shemeji amesimama katikati, uso umemshuka, hana pa kutazama. Sijapata kufurahia jambo lijalo kiasi kile, hata harusi yangu.

Ndipo korona ikaingia.

Mke wangu alikuwa na pumu tangu utotoni. Moshi wa kuni ulimkaba, vumbi la kupepeta lilimkaba, na msimu wa mvua alilala ameegemea mito mitatu. Taarifa za ugonjwa zilipoanza, yeye ndiye wa kwanza mtaani kwetu kuweka ndoo ya koki na sabuni nje ya mlango. Alishona barakoa za khanga za nyumba nzima na za majirani. Watu walipoanza kupiga nyungu, kujifukiza mvuke wa majani, alijaribu mara moja, akatoka ndani ya blanketi akihema, akasema dawa hiyo itamuua kabla ya ugonjwa. Tulicheka, lakini kuanzia hapo hakwenda sokoni wala kanisani. Alisali sebuleni.

Siku ya kikao, wakati navaa viatu, alinijia akiwa na ungo mkononi.

"Leo mnaamua habari ya watu?"

Nikamwambia ndiyo.

"Kifua changu unakijua. Wasipoingia watu, kaka atabaki kwao, na mimi nitabaki hapa nitawapikia vijana wapitie chakula dirishani. Lakini wakija watu wa kwetu, kaka yangu akiwa pale, siwezi kujifungia ndani. Watasema nimekatwa miguu na mume."

"Nimekusikia," nikasema.

"Kusikia umesikia. Nataka ujue unakwenda kuamua habari yangu."

Kwa hiyo siwezi kusema sikujua. Nilitoka nyumbani kwangu nikijua.

Kikao kilikuwa na maneno mengi, na mengine yalikuwa ya maana. Aliyepinga zaidi alikuwa muuguzi mstaafu, mama mmoja mkavu aliyewapima watoto wa nusu ya mtaa, ambaye ndiye aliyeshika sanduku letu la huduma ya kwanza. Alisema mpira unahitaji watu ishirini na wawili na refa. Sisi wengine tunakwenda pale kupiga kelele tu, na ugonjwa huu unapenda sana mdomo uliofunguka. Katibu, ambaye alikuwa mwalimu, akamjibu kwamba kule Misugusugu watu wanabanana kwenye magenge kila siku na hakuna aliyewafukuza. Kwa nini mpira ndio uonewe?

"Mwalimu, mtu wa gengeni ananunua nyanya anaondoka," muuguzi akasema. "Hakai dakika tisini amemkumbatia muuza nyanya."

Balozi wa mtaa akasema uwanja wenyewe hauna ukuta, ukiwazuia watu kwenye lango la shule watasimama barabarani au watapanda juu ya paa la choo cha shule. Fundi seremala, ambaye mwanawe alikuwa golikipa wetu, akasema wakipanda tena safari hii paa hilo halitengenezi yeye. Tukacheka kidogo. Mwalimu akasema vijana wamekaa miezi bila furaha, na mchezo bila watazamaji ni mazoezi. Hilo nalo lilikuwa kweli, na sitamnyang'anya. Wengine walisimama na muuguzi, wengine na mwalimu.

Halafu muuguzi akaleta wazo la katikati. Tuingize watu hamsini tu, ishirini na tano kila upande, tuwakalishe kwenye madawati kwa nafasi, wazee na wagonjwa wasiruhusiwe. Niliona vichwa vikitikisika kukubali. Hata mwalimu alikubali. Jambo lilikuwa limekwisha, mikono ingeinuka yote.

Mimi ndiye niliyeliua wazo lile. Nilisema hatuwezi kuchagua nani ana haki ya kufurahi na nani hana. Nilisema wananchi si watoto. Nilisema Maneromango watatuona tumewadharau, watu wanaosafiri barabara mbaya kiasi kile halafu tunawahesabu langoni kama mbuzi. Nilizungumza vizuri. Nilisoma shule za zamani, tulifundishwa kuzungumza. Na katika maneno yote yale hakuna hata moja nililoliamini. Nilikuwa nawaza kwamba mbele ya watu hamsini waliokaa kwenye madawati, lile shina la mgomba litabaki shina la mgomba. Shemeji alinizika mbele ya halaiki. Nami nilitaka halaiki.

Muuguzi akanigeukia. "Mwenyekiti, niulize. Hapa tunaongelea watu, au tunaongelea shemeji yako?"

"Tunaongelea mpira," nikasema.

Nilipokoroga mambo hivyo, kikao kilirudi kwenye swali la mwanzo, ndiyo au hapana, wakagawanyika tatu kwa tatu, na mengine nimekwisha kuyasema.

Nyumbani mke wangu aliniuliza imekuwaje. Nikamwambia kamati imeamua watu waingie. Alikuwa anachambua choroko. Aliendelea kuchambua.

"Kamati ina mwenyekiti," akasema.

Nikainama kuvua viatu. Kisha akasema basi, atakaa langoni, karibu na ndoo za maji, na barakoa yake, na hatausogelea umati. Nikamwambia hilo ni jambo la busara. Nilimwambia kwa sauti ya mtu anayempa mwenzake ruhusa.

Siku ya mechi Maneromango walikuja kwa malori mawili, wanaimba tangu Mlandizi. Shemeji aliteremka wa mwisho, mrefu, koti lake jeusi mkononi, akanipungia kutoka mbali akisema anasikia harufu ya ubani, kuna Mnyamwezi analifukizia kaburi lake. Mwanzoni watu walinawa. Tulikuwa na ndoo nne langoni na vijana wakisimamia. Kufikia mapumziko maji yalikuwa yamekwisha, ndoo mbili zimegeuzwa ngoma, na watu wamesimama kiasi kwamba mstari wa pembeni hauonekani. Barakoa zilikuwa kidevuni. Nilipita mbele ya umati ule nikiwa nimenyoosha shingo. Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: nilitazama watu wale wamebanana bega kwa bega nikaona utajiri wangu.

Tulishinda mbili kwa moja, bao la pili likiwa la dakika za mwisho. Kabla filimbi haijamaliza kulia vijana walikuwa wameshalibeba shina la mgomba. Wakalizungusha, wakaomboleza, wakalilaza katikati. Watu wote waliingia uwanjani, wakatuzunguka duara. Nikafungua daftari langu.

Nilisoma sentensi ya kwanza, ya mtu aliyezaliwa na koti jeusi kwa sababu kwao Kisarawe mvua na msiba havipigi hodi. Walicheka. Nilisoma ya pili. Kabla sijafika mwisho wake, shemeji akatoka kwenye duara, akavaa koti lake, akajilaza chini kwenye majani kando ya shina la mgomba, akafumba macho na kukunja mikono kifuani.

"Endelea, shemeji," akasema akiwa amelala. "Ila soma polepole, marehemu hakusoma sana."

Kicheko kilichofuata hakikuwa changu. Kilikuwa chake. Nilisoma sentensi ya tatu, na ya nne, zile nilizozichonga kwa miezi, na kila moja yeye aliimaliza kwa kutikisa mguu au kukohoa kaburini, na watu walimcheka na kumpenda. Alinitendea vilevile tena, safari hii akiwa ameshindwa, kwetu, mbele ya watu niliowakusanya mwenyewe. Kichwa changu kiliwaka. Ukurasa wa mwisho wa daftari ulikuwa na sentensi niliyokuwa nimeiandika nikaikata, nikaiandika tena nikaikata. Nilikuwa naiona bado chini ya mstari wa wino.

Shemeji yangu na mkewe walizika watoto wawili wachanga, na baada ya hapo hawakupata mwingine. Kwenye historia ya marehemu kuna mahali pa kutaja watoto, kila mtu anapasubiri. Mtani ana ruhusa ya mambo mengi. Hapo hapaguswi.

Nikasema kwa sauti, nikimtazama, "Marehemu hakuacha mtoto."

Kicheko kilikatika. Shemeji alifumbua macho akabaki ameangalia juu. Hakuinuka. Nilisikia mtu wa Maneromango nyuma yangu akisonya. Nami, Mungu ananisikia, kwa muda mfupi ule kabla ya jambo lingine kutokea, nilijisikia nimeshiba.

Halafu duara likasukumwa, na mke wangu akapita. Alikuwa ametoka langoni, amepenya watu wote wale. Barakoa alikuwa ameivua, ameishika mkononi. Alinichukulia daftari kutoka mkononi kama anavyomchukulia mtoto kisu, akawageukia watu.

"Ameacha watoto wanne," akasema. "Wako Sofu. Mimi ndiye niliyemzalia."

Kisha akaanza kuimba. Ulikuwa wimbo wa msiba wa kwao, akauimba kwa mzaha, akamzunguka kaka yake, akapiga magoti akamvuta mkono, na kaka yake taratibu akaanza kutabasamu kwa sababu ya dada yake. Wanawake wa Maneromango wakaitikia. Wanawake wa Sofu wakajiunga. Aliokoa siku ile. Aliifanya sentensi yangu ionekane ni mwanzo wa wimbo wake. Aliimba pengine nusu saa, mdomo wazi, na wanawake hamsini, sitini, wamemzunguka wamekumbatiana, jasho na vumbi, wakimwimbia usoni. Yeye aliyekuwa hajaingia kanisani miezi mitatu.

Mimi nilisimama pembeni. Nilikuwa na muda wa kumtoa pale. Niliona aibu kumsogelea.

Siku mbili baadaye, mchana, tukiwa kibarazani, ndipo aliponiambia jambo pekee alilosema kuhusu habari ile. Nilikuwa nimeanza kujitetea kwamba kaka yake ndiye aliyeanza.

"Hukumkasirikia kaka," akasema. "Ulinikasirikia mimi, kwa kuwa nilicheka kule kwetu. Mimi nilicheka kwa sababu nilijua siendi popote."

Siku ya sita alianza kukohoa. Tulidhani ni vumbi la uwanjani. Siku ya saba aliishiwa pumzi akitoka bafuni. Muuguzi alikuja, amejifunga barakoa mbili, akamsikiliza kifua, akatoka nje akaniambia tafuta gari. Hakunilaumu. Hospitalini walimwekea oksijeni, wakanikataza kuingia wodini, nikawa nakaa kwenye benchi la nje, na mara moja kwa siku nesi alinitolea neno. Neno la kwanza lilikuwa anasema nile. La pili lilikuwa anauliza kama kaka amefika. La tatu halikuwa lake. Aliondoka asubuhi, siku ya kumi baada ya mechi.

Kwenye karatasi waliandika nimonia. Sijui ni ugonjwa gani hasa, na sitasema nisichokijua. Nimejaribu kupita kwenye uchochoro huo: huenda aliupata kwingine, huenda kifua chake kilikuwa kimefikia mwisho. Kila nikijaribu nakutana na mambo mawili. Kwa miezi mitatu hakukaribia umati ila siku ile. Na wanawake wawili walioimba wakiwa wamemshika mabega nao waliugua wiki ileile, wakapona.

Wapo wenzangu wa kamati ambao leo wakizungumza habari ile husema, "Mwenyekiti aliamua." Walipiga kura kama mimi, na kwa miaka kadhaa nimetamani kuwataja hapa mmoja mmoja, na maneno yao ya siku ile. Nilishayaandika. Nimeyachana. Wao walikubali watu waingie kwa sababu walipenda mpira. Mimi sababu yangu ilikuwa nyingine, nami peke yangu niliambiwa nyumbani, kabla sijavaa viatu, kwamba nakwenda kuamua habari ya nani.

Mazishini tulikuwa wachache, kwa ajili ya hali ya wakati ule. Shemeji alikuja. Kwetu msiba wa mtani hauishi bila watani kufanya vituko: hulikalia jeneza, hukataa kuteremsha mpaka wapewe kitu, humuuliza mfiwa amemlisha nini marehemu. Nilikuwa nasubiri hilo. Nilijua akinitania, hata kwa neno baya namna gani, maana yake bado mimi ni mtu wake. Angenitukana pale kaburini ningemshukuru. Hakufanya. Alichukua koleo akafukia kama wengine, kwa bidii, akafuta mikono, akanijia.

"Pole sana, mzee," akasema, kwa adabu, kama anavyopewa pole mtu usiyemfahamu.

Nikasema asante. Akapanda gari.

Mechi haikuchezwa tena. Watoto wangu wananijali, siwezi kulalamika, wananipigia simu, wananiletea dawa za presha. Lakini Krismasi wanaipeleka Maneromango kwa mjomba wao, na wanapotaka ushauri wa ndoa au wa shamba huenda huko. Hawajawahi kuniambia kwa nini, na mimi sijauliza.

Nilipewa nafasi ya kusema hapana, nikasema uwanja ujae, kwa sababu nilitaka mtu mmoja aaibike mbele ya watu wengi. Mke wangu alikufa akiwa na miaka sitini na mbili, baada ya miaka thelathini na nane ya kuishi nami. Kaka yake hajakanyaga nyumbani kwangu tangu siku ya mazishi, na sitaniwi na mtu yeyote. Napika mwenyewe, nakula mwenyewe. Hivyo ndivyo kura ile ilivyonigharimu.